Ule mkuki wa meno matatu juu ya hekalu ni wa nani, na kwa nini mlima na mto vimepewa jina lake?

Swali limetoka kwa kijana anayetembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja. Nalifupisha kidogo:

"Mwalimu shikamoo. Kila siku napita na wageni pale Hurumzi kwenye hekalu la Mabaniani, wananiuliza ule mkuki wa meno matatu wa Shiva una maana gani. Mwenzangu mmoja huwa anawajibu ni uma wa shetani, wageni wanacheka ila mi naona aibu. Mtaliano mmoja akaniambia ndo ule ule wa gari la Maserati. Juzi nikapata mgeni wa Nepal akasema kwao kuna mto mzima una jina hilo, na ziwa takatifu juu mlimani, na India kuna mlima pia. Amenialika niende Agosti kwenye sherehe ya hilo ziwa. Je vyote hivyo ni kitu kimoja? Na mimi Muislamu naruhusiwa kufika huko?"

Marahaba mdogo wangu. Umebana maswali kibao kwenye ujumbe mmoja na yote yanaingiliana, kwa hiyo sitayajibu kwa mpangilio, ila la huyo mwenzako naanza nalo maana linaweza kumletea matata siku akiwa na mgeni ambaye mama yake anasali mbele ya huo mkuki kila asubuhi.

Sio uma wa shetani, ni silaha ya Shiva, mmoja wa miungu wakubwa wa Wahindu. Hakuna mahali kwenye Biblia wala kwenye Qur'ani palipoandikwa shetani anatembea na uma. Ile picha ya jamaa mwekundu mwenye pembe na mkia kashika uma ni kazi ya wachoraji wa Ulaya, ilianza huko zama za kati ikakua kidogo kidogo mpaka ikaingia kwenye katuni, na sisi huku tumeipokea kwenye TV tukadhani ni dini. Tena mwenzako kama ni msomaji wa Biblia mwambie afungue 1 Samweli sura ya 2 mstari wa 13, atakuta kule Shilo mtumishi wa kuhani anakuja na uma wa meno matatu kuopoa nyama ya sadaka kwenye chungu. Wale wana wa Eli, kuhani wa huko, walikuwa na ulafi wao na walikemewa kwa hilo, lakini chombo chenyewe kilikuwa kinatumika kwenye nyumba ya ibada, shetani hayumo kwenye hiyo habari.

Sasa kama vyote ni kitu kimoja. Hapana, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu ukishika hili wageni hawatakusumbua tena: umbo la meno matatu lenyewe halikwambii kitu. Ni chuma chenye ncha tatu, mvuvi yeyote wa pwani yoyote anaweza kulifikiria bila kufundishwa, maana ncha moja samaki anachoropoka, tatu anabaki. Kwa hiyo ukiona meno matatu mahali usikimbilie kusema "hawa wameiga kwa wale", angalia kwanza nani ameshika huo mkuki na ameuchoma wapi.

Mtaliano wako alikuwa sahihi kuhusu gari lake tu. Wale ndugu wa Maserati walianzisha karakana yao Bologna mwaka 1914, na mmoja wao, Mario, ambaye alikuwa mchoraji na mambo ya injini hayakuwa yake, akachukua ule mkuki kutoka kwenye sanamu ya Neptune iliyopo kwenye chemchemi katikati ya huo mji, kazi ya Giambologna ya miaka ya 1560. Neptune ni mungu wa bahari wa Warumi wa kale, kwa Wagiriki anaitwa Poseidon, kwa hiyo mkuki wake ni wa baharini. Mgeni wa Ukraine naye akikuonyesha nembo ya taifa lake usimwambie ni ya Poseidon, atakuchukia bure. Ile ya kwao ilikuwa alama ya ukoo wa kifalme, ipo kwenye sarafu za Volodymyr mtawala wa Kyiv za miaka kama elfu moja iliyopita, wakairudisha 1918 walipojaribu kusimama kama nchi, wakaithibitisha tena Februari 1992, na 2023 wakaiweka kwenye ngao ya lile sanamu kubwa la mama pale Kyiv baada ya kung'oa nyundo na mundu wa Kisovieti. Ilichora nini hasa mwanzoni wasomi wanabishana mpaka leo, wapo wanaosema ni kipanga anayeshuka kukamata windo. Barbados nao bendera yao ina meno matatu bila mpini, wameukata makusudi, kwa sababu nembo yao ya enzi za ukoloni ilikuwa na yule mama Britannia, mfano wa Uingereza, kashika mkuki kamili, wakapata uhuru tarehe 30 Novemba 1966 wakaacha kichwa tu. Hiyo mi huwa inanifurahisha sana, maana unaiona siasa yote kwenye mpini ambao haupo.

Basi tuachane na hao, turudi kwenye hekalu lako, kwa sababu la Shiva ni habari nyingine kabisa na halina uhusiano na samaki.

Mkuki wa Shiva unaitwa trishul. Ukiuangalia vizuri utaona meno ya pembeni yamejikunja kwenda nje kama ndimi za moto na la katikati limenyooka, na mara nyingi kuna kangoma kadogo kamefungwa hapo shingoni, kembamba katikati, kanaitwa damaru, ni ngoma yake Shiva mwenyewe. Habari yake ni ya zamani mno. Kuna sarafu za mfalme Wima Kadphises wa dola ya Wakushana, mambo ya kama miaka 1900 iliyopita, upande mmoja mfalme na upande wa pili kasimama mungu na mkuki wa meno matatu mkononi na ng'ombe dume nyuma yake, yaani hata leo ukimwonyesha mama yeyote wa Kihindu hapo Unguja atakwambia huyu Shiva, bila kusoma maandishi.

Ulitoka wapi? Kwenye Vishnu Purana, moja ya vitabu vyao vya kale, kuna kisa kwamba jua alikuwa mkali mno mpaka mke wake akashindwa kukaa naye akakimbia, baba wa mke, ambaye ndo fundi wa miungu, Vishwakarma, akamweka jua kwenye mashine ya kunolea akamkwangua sehemu ya nane ya mng'ao wake. Zile chembe za moto zilizodondoka hakuzitupa, akazifulia silaha, moja ikawa gurudumu la Vishnu, mungu mwingine mkubwa, na nyingine ikawa trishul ya Shiva. Halafu kuna kisa kingine, hiki wageni wanakipenda, cha mungu wa kike Durga. Lilitokea jini nyati, Mahishasura, likawashinda miungu wote, ikabidi kila mungu atoe nguvu yake na silaha yake wampe Durga, na Shiva akatoa trishul kutoka kwenye trishul yake, kama unavyowasha mshumaa kwa mshumaa, wake haukupungua. Ndo maana kwenye masanamu ya sikukuu yake, Durga Puja, kule Kolkata unamwona mama juu ya simba anamchoma nyati kwa mkuki wa meno matatu. Na hekalu lako la Hurumzi ni la Shiv na Shakti, Shakti ndo huyo mama kwa sura zake zote, kwa hiyo mgeni akikuuliza mkuki ni wa baba au wa mama, wote wawili wanao.

Kuhusu maana ya hayo matatu usijifunge na jibu moja. Ukiuliza makuhani kumi utapata kuumba, kutunza na kuharibu, utapata jana, leo na kesho, utapata zile tabia tatu za vitu vyote wanazoziita sattva, rajas na tamas, na watu wa yoga watakwambia ni mishipa mitatu ya pumzi inayopita kwenye uti wa mgongo. Wote wako sahihi kwa kadiri ya madhehebu yao. Mimi kusema ukweli haya maelezo huwa siyapi uzito sana, kwa sababu kitu chochote chenye tatu kitavishwa maana za tatu tatu mpaka kichoke. Kinachonivuta kwenye trishul ni ile tabia yake ya kuchomwa ardhini. Shiva ni mungu wa milimani, na kwenye visa vyake akiuchoma mkuki mahali, hapo pahali hapabaki palivyokuwa, patapata maji, au jina, au mji, na ndo tunafika kwenye swali lako la mto na mlima.

Anza na Varanasi, mji ule wa mto Ganga ambao waumini wanauita Kashi. Wao wanaamini mji huo haukai juu ya ardhi kama miji mingine, umekaa juu ya ncha za trishul ya Shiva, na dunia ikija kufutwa na maji yeye ataunyanyua mji na mkuki wake ubaki mkavu. Na sio maneno ya hewani tu, mji wa kale una miinuko mitatu na kila mmoja una hekalu lake kubwa la Shiva, Omkareshwar kaskazini, Vishweshwar katikati, Kedareshwar kusini, na makuhani wanakuhesabia hizo ndo ncha tatu. Mtu wa kawaida akipanda kile kilima cha kaskazini anaona soko na nyumba na pikipiki, hujaji anajua yuko kwenye jino la mkuki.

Halafu panda juu kaskazini mpaka jimbo la Uttarakhand, kwenye mji mdogo unaitwa Gopeshwar. Kwenye ua wa hekalu la Gopinath kuna trishul ya chuma imesimama, mita kama 5 kwenda juu, ina maandishi ya kale, mojawapo liliandikwa kwa amri ya mfalme Anekamalla aliyetoka upande wa Nepal mwaka 1191 akijisifu kwa ushindi wake. Wenyeji wanasema huu ndo mkuki alioutupa Shiva kumpiga Kama, mungu wa mapenzi, aliyekuja kumvurugia tafakuri. Wanasema pia ukiusukuma kwa nguvu zako zote hautikisiki, lakini mcha Mungu wa kweli akiugusa kwa kidole unatetemeka. Vijana wanaenda kujaribu, si unawajua vijana.

Na kutoka milima ya huko huko ndo unapouona mlima wenyewe, Trishul, mita 7120. Una vilele vitatu vimejipanga mstari, na ukiwa mahali kama Kausani asubuhi mapema kabla mawingu hayajapanda unaona kabisa kwa nini wakauita hivyo, hahitajiki mtu wa kukueleza. Ila jina hilo halikutokana na sura peke yake. Nyuma yake kuna mlima mrefu zaidi, Nanda Devi, mita 7816, na huyo Nanda ni mke wa Shiva kwa jina la watu wa milima ile. Vilele vimezunguka pale kama ukuta na Trishul iko upande wa kusini magharibi wa huo ukuta, kwa hiyo kwa wenyeji ni mkuki wa mume umesimama mlangoni kwa mke. Kila miaka kama 12 wana msafara mkubwa unaitwa Nanda Devi Raj Jat, wanamsindikiza Nanda kama bi harusi anayerudi kwa mumewe, wanatembea karibu kilomita 280 kwa wiki kama tatu, mbele anatangulizwa kondoo dume mwenye pembe nne akiwa amebebeshwa zawadi, na wakifika Homkund, chini ya Trishul, kondoo anaachiwa aendelee peke yake kuelekea kwenye theluji. Watu wanalia kweli kweli pale, kama kwenye send-ofu ya binti. Msafara wa 2014 ulihudhuriwa na watu wengi mno.

Njiani msafara unapita kwenye kiziwa kidogo cha Roopkund, zaidi ya mita 5000 juu ya bahari, ambacho barafu ikiyeyuka inaonyesha mifupa ya watu, mamia. Wenyeji wana kisa chao kwamba mfalme mmoja alikuja hija na wacheza ngoma na anasa, Nanda akakasirika akawateremshia mvua ya mawe mikubwa. Mwaka 2019 wanasayansi walitoa matokeo ya vinasaba vya watu 38 kati ya hao, ikaonekana hawakufa siku moja, kundi moja ni la kama miaka 1200 iliyopita na lingine la miaka kama 200 tu, na hilo la pili lilikuwa na watu ambao asili yao ni mashariki ya Mediterania. Walikuwa wanafanya nini huko chini ya Trishul? Hakuna kitabu kilichowataja. Nimeingiza hii maana najua wageni wako watakaa kimya wakiisikia.

Wazungu nao walifika. Tarehe 12 Juni 1907 daktari mmoja Mwingereza, Tom Longstaff, alifika kileleni akiwa na ndugu wawili wapanda milima kutoka Italia, Alexis na Henri Brocherel, na mwanajeshi wa Kigurkha, yaani mtu wa Nepal kwenye jeshi la Waingereza, aitwaye Karbir. Ndo kilele cha kwanza cha zaidi ya mita 7000 kinachojulikana kupandwa na binadamu. Hawakujenga kambi nyingi, walikwenda mbio, siku ya mwisho walipanda karibu mita 1800 kwa mkupuo na kushuka jioni hiyo hiyo, kitu ambacho hata leo wapandaji wanakiogopa. Vitabu vingi vinamtaja Longstaff na kuishia hapo, mimi nakuomba ukimsimulia mgeni umtaje na Karbir.

Sasa mto. Hii ndo stori aliyokupa mgeni wako na inabidi uijue yote. Miungu na majini waliwahi kukubaliana wasuke bahari ya maziwa ili wapate maji ya uzima, mlima ukawa mwiko wa kusukia, nyoka Vasuki akawa kamba, hawa wanavuta huku na wale kule. Kabla ya uzima ikatoka sumu, halahala, ya kutosha kuua dunia nzima. Hakuna aliyetaka kuigusa. Shiva akainywa, hakuimeza, akaizuia kooni, koo likawa la bluu mpaka leo, jina lake mojawapo ni Nilakantha, yaani huyo mwenye koo la bluu. Ikawa inamchoma, akakimbilia milima yenye baridi, akapiga trishul yake kwenye jabali, chemchemi tatu zikabubujika, maji yakajaa akalala humo kupoza koo. Hilo ziwa ndo Gosaikunda, mita 4380, wilaya ya Rasuwa, kaskazini mwa Kathmandu. Kuna jiwe limezama ndani ya maji ambalo waumini wanasema ndo Shiva mwenyewe amelala.

Maji ya Gosaikunda yanashuka yanaungana na mto unaotoka Tibet, wa upande wa Kyirong, unaoingia Nepal pale Rasuwagadhi, na huo ndo Trishuli. Kijiografia basi, chanzo kikuu cha Trishuli kiko Tibet na ziwa linachangia kidogo tu. Lakini watu hawakuupa jina kwa kupima lita, wameupa jina kwa pale walipoona maji yamepata baraka. Unapita bonde la Nuwakot, unapokea Budhi Gandaki, barabara kuu ya Kathmandu kwenda Pokhara inaufuata ubavuni kwa masafa marefu, unaungana na mito mingine pale Devghat na mwisho wa yote unaingia Ganga, ule ule wa Varanasi, ila baada ya Ganga kuupita huo mji. Kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye alama ya mkuki mlimani yanakwenda kukutana na maji yaliyopita kwenye mji uliokaa juu ya mkuki. Sijui kama aliyetunga visa hivi alikuwa na ramani.

Na wasioweza kupanda? Kathmandu bondeni, kwenye mji wa Patan, kuna hekalu la Kumbheshwar lenye mapaa matano, lina bwawa ambalo watu wanaamini maji yake yanatoka Gosaikunda kwa njia ya chini kwa chini. Siku ya sherehe, bibi ambaye magoti yamegoma anakwenda hapo, anapata baraka zile zile.

Unaweza kusema, mbona hata Wagiriki wana kisa kama hicho. Ni kweli, na hapa nakubali panafanana sana. Athens wanasema Poseidon na Athena waligombea mji, Poseidon akapiga jabali la Akropoli kwa mkuki wake yakatoka maji ya chumvi, Athena akaotesha mzeituni, akashinda yeye. Kwenye jengo la Erechtheion, la karne ya 5 kabla ya Kristo, waliacha makusudi tundu kwenye sakafu na kwenye dari ili zile alama za pigo zisifunikwe. Msafiri wa kale Pausanias aliandika kwamba kisima chake upepo wa kusini ukivuma kilitoa sauti ya mawimbi. Lakini angalia tofauti: Poseidon alipiga ili auchukue mji, akatoa maji yasiyonyweka akakosa, Shiva alipiga kwa sababu koo linamuungua baada ya kuwabebea wengine sumu, na maji yake watu wanayaoga mpaka kesho. Ndo nikakwambia angalia aliyeushika.

Huku kwetu je, umefikaje Unguja? Kwa majahazi ya Kachchh na Gujarat, pwani ya magharibi ya India, na wengi walipitia Muscat. Muscat penyewe lipo hekalu la Shiva, Motishwar Mahadev, siku ya Maha Shivaratri, yaani usiku mkuu wa Shiva, maelfu ya Wahindi wanaofanya kazi Oman wanapanga foleni pale. Mfanyabiashara mkubwa kabisa wa Kihindu aliyekodi ushuru wa forodha ya Unguja enzi za Seyyid Said alikuwa Jairam Shivji, mtu wa Mundra, Kachchh, na ukoo wake wa Bhatia. Jina la baba yake tu, Shivji, ni la Shiva kwa heshima. Kichekesho ni kwamba Bhatia wengi ni watu wa Krishna, yaani upande wa Vishnu, trishul sio alama yao kuu. Kwa hiyo ukimwambia mgeni kwamba Wahindu wote wa Unguja wanaabudu huo mkuki utakuwa umekosea, wapo ambao hekalu lao lina mambo mengine kabisa, na Wahindi wengine wa mjini hapo ni Waislamu, Mabohora na Maithnaasheri na Maismailia, hawahusiki kabisa.

Jambo moja nisilifiche kwa kuwa baadhi ya wageni watalitaja wao: trishul India imeingia kwenye siasa. Kuna vikundi vya mrengo mkali viliwahi kugawa trishul ndogo zenye makali kwa vijana kwenye mikutano, ikafika mahali serikali ya jimbo la Rajasthan mwaka 2003 ikapiga marufuku kuzigawa. Muislamu wa India akiiona mkononi mwa kijana barabarani haoni mambo ya Gosaikunda, anaona kitu kingine, na ana sababu. Wewe huna haja ya kulihubiri hilo mlangoni kwa watu Hurumzi, ila ukiulizwa usibabaike.

Pale mlangoni waambie wageni ni silaha ya Shiva, aliichoma mlimani akatoa maji, inaweka ulinzi, basi inatosha, anayetaka zaidi ataendelea kukuuliza. Viatu wavue kabla ya kizingiti, picha waombe, na wakati wa puja, yaani ibada yao, wasimame pembeni. Kama unataka siku ya kuwapeleka wakaone watu wengi, ni Maha Shivaratri, inaangukia Februari au Machi, muulize mlinzi au kuhani wa pale mapema.

Safari yako sasa. Sherehe anayokwambia ni Janai Purnima, mwezi mpevu ambao mara nyingi unaangukia Agosti. Wanaume wa koo fulani wanabadilisha uzi mtakatifu wa begani, na watu wengine wote wanafungwa uzi mkononi. Waganga wa milimani, jhankri, wanapanda na ngoma zao wakicheza njia nzima, na Watamang ambao ni Wabudha nao wamo, kwa hiyo sio mkusanyiko wa dini moja hata kidogo. Muislamu kufika ziwani hakuna anayemzuia, njia ni ya hifadhi ya taifa ya Langtang, unalipia kibali unapita kama mtalii mwingine, na Nepal yenyewe ina Waislamu, sensa ya 2021 iliwahesabu karibu asilimia 5. Kufungwa ule uzi au kutofungwa hilo ni la kwako na imani yako, ukikataa kwa adabu hakuna atakayekununia. Utakapozuiwa ni Pashupatinath, Kathmandu, hekalu kubwa la Shiva, ndani ya jengo kuu wanaingia Wahindu tu, wewe utaangalia kutoka ng'ambo ya mto na hata hivyo utaona mengi.

Ila Agosti mimi binafsi nisingekushauri. Kule ni katikati ya mvua zao za masika, njia imejaa ruba wanaopanda mpaka kwenye soksi, mawingu yamefunika milima yote, na barabara zinaporomoka. Julai 2024 maporomoko yalisomba mabasi mawili yenye watu zaidi ya 60 yakatumbukia mto Trishuli huo huo, waliookoka wakahesabika kwa vidole. Kama lazima uione sherehe, nenda, lakini safiri mchana na usipande basi la usiku. Kama ni ziwa tu unalitaka, nenda Oktoba, kumekauka, na mara nyingi utakuta Dashain, sikukuu yao kubwa ya Durga, ujue tu kwamba siku hizo Kathmandu nzima inarudi vijijini kwa hiyo tiketi za basi ukate mapema.

Na usipande kwa sifa. Unaanzia Dhunche, mita kama 2000, wenye haraka wanataka walale ziwani kesho yake, wewe ni mtu wa kisiwani, damu yako haijawahi kuona mita 4380, hiyo ni juu ya kambi ya Horombo ya Kilimanjaro na chini kidogo tu ya kambi ya Kibo. Lala Chandanbari usiku mmoja au hata miwili, lala Lauribina mmoja, kunywa maji mengi, na kichwa kikianza kugonga na kutapika usisubiri kufika, shuka siku hiyo hiyo. Viza waulize ubalozi wao wenyewe, usimsikilize mtu wa kijiweni.